Somo: Kulinganisha tovuti za kufuatilia ndege ukiwa Lubumbashi, na kwa nini ndege "hupotea" kabla ya Luano, uwanja wetu wa ndege

Kila juma napata ujumbe uleule. "Mukubwa, site gani inaonyesha ndege vizuri?" Au huu: "Ndege ya mama ilikuwa kwenye ramani, sasa haipo, kuna nini?" Nimejibu kwa simu, nimejibu nje ya kanisa baada ya misa, nimejibu hata nikiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa. Leo naandika yote. Atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Kwanza jambo moja, maana bila hilo mengine hayashiki. Flightradar24, FlightAware, ADS-B Exchange, OpenSky, adsb.fi, airplanes.live, adsb.lol: zote hizi huishi kwa watu wa kawaida waliofunga antena ndogo juu ya nyumba zao na kutuma kwa intaneti kile wanachosikia. Ndege hujitangaza yenyewe. Transponda yake, yaani redio yake ya kujitangaza, husema kwenye megahezi 1090, kama mara mbili kwa sekunde, mahali ilipo na kimo chake. Mwenye antena ya karibu husikia na kupeleka. Pasipo na antena hakuna wa kusikia. Ukikuta ramani tupu juu ya Katanga, usiseme anga ni tupu. Ni masikio ndiyo hayapo.

Na wimbi hilo halipindi mlima wala upeo wa macho. Ndege iliyo kimo cha safari juu ya tambarare yetu husikika hadi kilomita 400 hivi, kwa antena iliyo juu ya paa lisilozibwa. Ikishuka, umbali huo hupungua upesi. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Hatua ya 1. Fungua tovuti mbili kwa pamoja, ndege ileile, dakika ileile

Moja ya kampuni (Flightradar24 au FlightAware), moja ya wachangiaji wenyewe (adsb.fi, airplanes.live, adsb.lol au ADS-B Exchange). Kulinganisha ulichoona asubuhi kwenye moja na ulichoona jioni kwenye nyingine si kulinganisha.

Hatua ya 2. Tafuta kwa kodi ya herufi sita

Namba ya tiketi inadanganya watu wengi. Tiketi ya Kenya Airways huandikwa KQ, lakini redioni ndege hiyo hujiita KQA. Ethiopian kwenye tiketi ni ET, angani ni ETH. Ukitafuta kwa namba ya tiketi kwenye tovuti za wachangiaji utapata patupu, halafu utasema tovuti ni mbovu.

Kila ndege ina anwani yake ya tarakimu na herufi sita ambayo haibadiliki safari hadi safari. Zilizoandikishwa Kongo huanza na 08C, kutoka 08C000 hadi 08CFFF, yaani anwani 4,096 kwa nchi nzima. Za Kenya huanza na 04C, za Ethiopia 04 halafu 0. Nakili anwani hiyo kwenye tovuti ya kwanza, ibandike kwenye ya pili. Hapo una hakika unatazama chuma kilekile.

Hatua ya 3. Saa

Tovuti nyingi huandika saa ya dunia, UTC. Lubumbashi ongeza 2. Kinshasa ongeza 1. Ndugu yako wa Kinshasa akisema "imeruka saa 10:00", kwako ni 11:00.

Hatua ya 4. Soma chanzo cha mahali. Tafadhali, soma chanzo

Hapa ndipo niliumiza watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ulikuwa msimu wa mvua. Mama mdogo alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na mimi ndiye "mtu wa ndege" wa familia. Nikafungua simu, nikaona alama ya ndege yake ikitembea vizuri kabisa, imeshapita Kamina. Nikapiga simu kwa watoto wake: tokeni, nusu saa inatua. Wakakodi teksi, wakaenda Luano, baba yao pamoja nao. Mimi naendelea kutazama alama inasogea, inasogea, halafu karibu kabisa na Luano ikazimika. Haikutua, ilizimika. Mmoja wa watoto alikuwa anatazama ramani ileile. Akasema kwa sauti pale kwenye lango kwamba ndege imepotea. Mama mkubwa alipopigiwa simu nyumbani alianza kulia kwa sauti, na majirani wakaingia uani wakijua kuna msiba.

Ukweli: ndege ilikuwa imegeuka mapema kwa sababu ya mawingu mazito na ilikuwa imeshatua N'djili, uwanja wa Kinshasa, zamani. Kati ya Kinshasa na sisi ni kilomita zaidi ya 1,500, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina mtu wa kusikiliza. Tovuti ilipoacha kuisikia, haikunyamaza. Ilijua ndege imetoka wapi na inakwenda wapi, ikachora yenyewe kule ambako ndege ilipaswa kuwa. Alama niliyoitazama saa nzima ilikuwa hesabu ya kompyuta. Na maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa kwenye skrini, upande wa chini, Estimated, yaani imekadiriwa. Sikuyasoma.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu yeyote neno lolote:

Bonyeza ndege, tafuta panapoandikwa chanzo. ADS-B maana yake ndege yenyewe imesema niko hapa na mtu amesikia. MLAT maana yake ndege haikutaja mahali, lakini risiva kadhaa, yaani vile vidude vya watu vya kusikiliza, zimepiga hesabu pamoja. Inafaa, ila huyumba. Satellite ni chombo cha angani kimesikia. Estimated ni kubahatisha kwa adabu.

Tazama pia ilisikika mara ya mwisho lini. Sekunde 2 zilizopita ni habari. Dakika 40 zilizopita ni historia.

Na hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya tovuti hizi, kubwa kuliko rangi na picha. Flightradar24 hukadiria, hata kwa saa kadhaa ikijua ndege inakokwenda. FlightAware pia hukadiria na huandika hivyo. Zile za wachangiaji hazikadirii: zisiposikia, ndani ya dakika moja hivi alama huondoka. Watu husema hizo za pili ni mbaya kwa sababu "ndege zinapotea-potea". Mimi, tangu siku ile ya Luano, nikitaka picha nzuri ya safari nafungua ile inayokadiria. Nikitaka kujua ukweli nafungua ile inayonyamaza.

Onyo la mwisho kwenye hatua hii: usimwambie mtu "imetua" mpaka umeona kimo kimefika chini kwa chanzo cha ADS-B, au abiria mwenyewe amepiga simu. Na usitamke kamwe neno "imepotea" mbele ya familia.

Hatua ya 5. Futi za Luano

Tovuti huonyesha kimo kwa futi kutoka usawa wa bahari, si kutoka ardhini. Luano iko mita 1,309 juu ya bahari, yaani kama futi 4,300. Ndege ikionyesha futi 5,000 karibu na uwanja, iko mita 200 na kidogo tu juu ya nyasi. Wa Bukavu waongeze zaidi, uwanja wao wa Kavumu uko juu kuliko wetu.

Hatua ya 6. Nani anaficha nini

Marekani, mamlaka yao ya anga, FAA, ina mpango uitwao LADD unaoruhusu mwenye ndege kuomba afichwe. Flightradar24 na FlightAware hufuata. ADS-B Exchange, iliyoanza 2016, ilijijengea jina kwa kutoficha. Januari 2023 ilinunuliwa na kampuni ya JETNET, na wachangiaji wengi wakaona kazi yao ya bure imeuzwa juu ya vichwa vyao. Wakachomoa risiva zao wakahamia kwingine, adsb.fi, airplanes.live na adsb.lol zilipata watu wengi kutokana na hapo. adsb.lol huachia data yake kwa leseni huria, mtu yeyote anaweza kuichukua. OpenSky ni jambo jingine: ilianza 2012 kama kazi ya watafiti wa Uswisi na wenzao, si ya biashara, na inafaa zaidi mwanafunzi anayetaka data kuliko mtu anayemsubiri shangazi.

Kwa hiyo ukiona ndege binafsi kwenye adsb.fi na haipo Flightradar24, usidhani moja inasikia vizuri zaidi. Huenda zote mbili zimeisikia, moja imenyamaza kwa makubaliano.

Hatua ya 7. Safari iliyopita

Flightradar24 bila kulipa hukupa siku 7. ADS-B Exchange na wenzake hukuruhusu kurudi nyuma zaidi bila malipo, ndege kwa ndege, siku kwa siku.

Hatua ya 8. Toa, usichukue tu

Risiva ni kidude cha USB kama kile cha kuangalia televisheni kwenye kompyuta, aina ya RTL-SDR, pamoja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na antena. Kule Marché Mzee sikukipata. Changu kilikuja na ndugu aliyepitia Ndola, Zambia. Risiva moja inaweza kutuma kwa tovuti zote kwa wakati mmoja, hakuna inayokukataza. Flightradar24 na FlightAware hukulipa kwa akaunti ya juu ya bure, zile ambazo wengine hununua. Wachangiaji wenzetu hawakulipi kitu. Tuma kote.

Basi. Maswali chini.

MASWALI

Ruashi_Mwisho: Kwa kifupi site gani ni bora? Sina muda wa kusoma yote.

Jibu: Hatua ya 4.

Mama_Bel_Air: Kaka, aksanti kwa somo. Mtoto wangu husafiri kutoka Johannesburg mara kwa mara. Karibu kila mara ndege yake inaondoka kwenye ramani ikiwa bado juu, halafu baada ya nusu saa ananipigia kwamba ameshafika. Moyo wangu unaruka kila mara. Hiyo nayo ni kukadiria?

Jibu: Hapana mama, hiyo ni upeo wa macho, na nashukuru umeuliza. Chukua mfano: siku hiyo risiva zote za Lubumbashi zimezimika kwa delestaji, umeme umekatwa, anayesikiliza ni mtu mmoja tu wa Ndola, kilomita 190 na kidogo kutoka Luano. Ndege ikiwa futi 35,000, wa Ndola anaisikia bila shida. Inaanza kushuka kuja Luano. Ikifika futi 10,000 hivi, mkunjo wa dunia unaingia kati yake na antena ya Ndola, na sauti inakatika. Ndege iko salama, inashuka kama kawaida, ila imeingia chini ya mstari ambao yule wa Ndola anaweza kusikia. Ndiyo maana "hupotea" kila mara karibu na kimo kilekile. Ukitaka kutulia, andika kimo ilichoondokea. Kikiwa kilekile safari tatu, umeshajua ni mstari wa upeo na si jambo jingine.

Mama_Bel_Air: Aksanti sana. Nitaandika kwenye daftari.

Mwana_Katuba: Nataka kuona ndege za Umoja wa Mataifa na ya rais zinapokwenda. Nitafanyaje?

Jibu: Sifundishi hilo hapa. Kuna watu ndani ya ndege hizo na kuna vita kwenye nchi hii.

Mwana_Katuba: Lakini si umesema data ni huria?

Jibu: Huria ya kusoma, ndiyo. Mimi siyo wa kukuonyesha. Tuendelee.

Kanga_Unilu: Mukubwa, niko mwaka wa pili polytechnique. Umesema MLAT ni risiva kadhaa zinapiga hesabu pamoja. Kwa nini inahitaji nyingi? Na kwa nini hapa kwetu karibu sioni ndege ya MLAT hata moja?

Jibu: Swali zuri, kaa vizuri.

Kuna ndege nyingi za zamani zinazoruka hapa kwetu, Let 410 na Antonov za mizigo, ambazo transponda yake hujibu rada lakini haitaji mahali. Sauti inasikika, anwani inasomeka, kimo pia mara nyingi, ila latitudo na longitudo hakuna. Sasa, sauti hiyo moja inafika kwa risiva tofauti kwa nyakati tofauti kidogo, kwa sababu iko karibu na mmoja na mbali na mwingine. Wimbi la redio hutembea mita 300 hivi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukipima tofauti hizo kwa usahihi, unaweza kurudi nyuma mpaka mahali sauti ilipotoka.

Hesabu yake ina vitu vinne usivyovijua: mahali kwa pande tatu, na wakati hasa ndege ilipotuma. Vitu vinne, unahitaji risiva nne zilizosikia sauti ileile. Kimo kikijulikana kutoka kwa transponda, tatu zinaweza kutosha, lakini jibu huwa na makosa zaidi, hasa risiva zikiwa zimepangana mstari mmoja. Na ndiyo jibu la swali lako la pili. Hapa kwetu hatujafika nne zenye kusikia anga moja. Wawili wakiwa wote Kampemba haisaidii, tofauti ya wakati kati yao ni ndogo mno. Wanatakiwa watu walioachana kwa makumi ya kilomita, wamezunguka.

Kanga_Unilu: Kwa hiyo Lubumbashi, Kipushi, Likasi na mmoja upande wa Kasumbalesa?

Jibu: Umefikiri kama mhandisi. Hizo ndizo pembe nne ninazoziota. Umbali wa kusikia unaweza kuupiga mwenyewe: kipeuo cha pili cha kimo cha ndege juu ya ardhi kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Ndege iliyo mita 1,000 juu ya ardhi na antena ya mita 9: kilomita 142 hivi. Likasi kwa mstari ulionyooka ni 110. Kwa hiyo hata ndege ndogo inayoruka chini, Likasi na Lubumbashi wanaweza kuisikia pamoja.

Mtoto_wa_Kenia: Nani ana APK ya Flightradar24 iliyovunjwa, yenye kila kitu bure?

Jibu: Hapana. Weka risiva, watakupa akaunti hiyo kwa haki.

Fundi_Soudure: Nimeweka antena ndani ya nyumba, juu ya kabati. Nasikia ndege mbili tu kwa siku. Risiva ni feki?

Jibu: Nyumba yako ina malata juu?

Fundi_Soudure: Ndiyo, malata.

Jibu: Basi umeifunika kwa chuma. Mabati yanazuia wimbi kama sufuria. Itoe nje, ipite juu ya ukingo wa paa. Kebo tumia ile nene ya televisheni ya dishi, iliyobaki wengi wanayo uani. Inapoteza kidogo kwa kila mita. Ile nyembamba inayokuja na kidude inapoteza nyingi mno, usiirefushe. Lakini dishi lenyewe halina kazi hapa, acha.

Fundi_Soudure: Nina waya wa shaba na najua kulehemu. Naweza kutengeneza antena mwenyewe?

Jibu: Ndiyo, na itafanya kazi vizuri. Wimbi la 1090 lina urefu wa sentimita 27.5. Robo yake ni sentimita 6.9. Waya mmoja wa sentimita 6.9 usimame wima kutoka kwenye kiini cha kebo. Nyaya nne za urefu huohuo zitoke kwenye ganda la kebo, uzikunje kidogo kuelekea chini, kama miguu ya kiti kilichotanuka. Kiini kisiguse ganda. Pima kwa rula, si kwa jicho, milimita tatu zinaonekana kwenye matokeo. Funika maungio kwa plastiki au silikoni, maji yakiingia kwenye kebo umemaliza.

Na mvua zikianza, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ukisikia ngurumo chomoa kebo kwenye risiva. Radi za hapa unazijua.

Kipushi_Juu: Naongeza kwa fundi: kwa delestaji mimi natumia betri. Raspberry na kidude chake vinakula wati 5 hivi. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 inanivusha saa nane za usiku bila kuiua. Kuanzia asubuhi paneli ya jua inaijaza. Usiache betri ishuke chini ya nusu.

Jibu: Hii ni bora kuliko nilivyofanya mimi. Nimeinakili. Na mega za intaneti, unatumia ngapi?

Kipushi_Juu: Anga yetu haina ndege nyingi, kwa hiyo ni kidogo. Natuma kwa tovuti nne na forfe (kifurushi) ya mwezi haijawahi kuisha kwa sababu ya risiva. Watoto ndio wanaimaliza kwa video.

Goma_Ziwani: Nawasalimu wote kutoka Goma. Mimi naona ndege za juu zinazopita kwenda Kigali na Entebbe, lakini chini ya kimo fulani upande wa kaskazini hakuna kitu kabisa. Na siku nyingine ndege zinaruka kwenye ramani kutoka hapa mpaka mbali sana kwa sekunde moja. Ni tovuti gani iliyo sahihi?

Jibu: Ndugu, salamu na pole kwa yote mnayopitia. La kwanza: ziwa lenu liko mita 1,460, na kaskazini una Nyiragongo ya mita 3,470, kaskazini mashariki Karisimbi ya 4,507. Milima hiyo ni ukuta. Ndege iliyo nyuma yake na chini yake haiwezi kusikika na mtu aliye upande wako, tovuti yoyote ile.

La pili, kuruka kwenye ramani mara nyingi ni GPS ya ndege yenyewe kuvurugwa na mitambo ya ardhini. Ndege hutangaza mahali inapopata kwenye GPS, na pamoja na hapo hutangaza usahihi wa hicho inachokipata. GPS ikivurugwa, ndege kwa uaminifu hutangaza uongo. Kuna ukurasa uitwao gpsjam.org, ulianza 2022, unachukua data ya wachangiaji wa ADS-B Exchange na kupaka nyekundu sehemu ambazo zaidi ya asilimia 10 ya ndege za siku hiyo zilisema usahihi wake ni mdogo. Tazama siku ile uliyoona mruko, halafu utazame siku ya kawaida.

Na neno moja kwa upendo: wewe endelea kutazama ramani, lakini usipandishe antena juu ya paa lako sasa. Mtu mwenye silaha hajui tofauti ya antena ya ndege na ya redio ya adui, na hatakuuliza.

Goma_Ziwani: Nimekusikia, yaya. Ninayo ndani ya sanduku. Inasubiri.

Ruashi_Mwisho: Nimesoma Hatua ya 4 sasa. Samahani kwa lile swali la kwanza. Nimeangalia ndege moja ya jioni kutoka Kinshasa, kwenye moja ilikuwa inatembea, kwenye adsb.fi haikuwepo kabisa juu ya Kasai, ikatokea tena karibu na Kamina. Na ile iliyokuwa inatembea iliruka pembeni ghafla ilipotokea tena.

Jibu: Hapana haja ya samahani. Hicho ulichokiona ndicho somo lenyewe: kule ilikoruka pembeni, ndipo kukadiria kulikutana na ndege ya kweli. Uliandika ilitokea tena kwa kimo gani na saa ngapi?

Ruashi_Mwisho: Futi 33,000, saa 18:42 ya huku kwetu.

Jibu: Basi kuna mtu anayesikia mpaka Kamina, na si mimi, kwangu ni mbali mno. Kamina ni zaidi ya kilomita 400. Inawezekana Kolwezi kuna risiva mpya. Endelea kuandika, kila jioni, siku saba. Tutajua mpaka wake unaishia wapi.

Kanga_Unilu: Mukubwa, nimeongea na mjomba wangu wa Likasi. Ana nyumba ya ghorofa na umeme wa jua. Amekubali antena, ila anauliza kama itamharibia televisheni.

Jibu: Mwambie haitumi kitu chochote, inasikiliza tu. Televisheni yake iko salama. Ukienda, beba rula.

Fundi_Soudure: Ya Likasi nitaitengeneza mimi. Nipe siku mbili.

Kipushi_Juu: Tukiwasha tatu, wa nne ni nani? Kuna mtu upande wa Kasumbalesa?